Feni Yangu Bado Inazunguka

Juzijuzi saa kumi na moja alfajiri simu yangu ililia. Kwa umri wangu, simu ikilia saa hizo ni msiba, hakuna kingine. Nikaipapasa chini ya mto moyo ukinienda mbio, huku nimeshaanza kugawa majukumu kichwani: nani atasafiri, nani atabaki na kuku, nani atakopwa nauli. Nikavaa miwani. Haukuwa msiba. Lilikuwa duka la feni.

"Tumekukumbuka!" limeniandikia, na pembeni kikatuni cha uso wa manjano unaodondosha chozi moja. Chini yake: "Mpendwa JINA_LA_MTEJA, ni muda mrefu hatujakuona."

Sasa nisikilizeni. Miaka minne iliyopita, wiki moja ya Februari ambayo hata mbu walikuwa wamechoka kuruka, niliingia kwenye duka moja kubwa la vifaa vya umeme hapa Dar es Salaam nikanunua feni. Moja. Ya kusimama. Kijana wa kaunta akaniomba anwani ya barua pepe, "kwa ajili ya waranti tu, mzee." Nikamtajia herufi moja moja, tena nikarudia mara mbili asije akakosea. Nilidhani nimetoa anwani. Kumbe nimepokea posa.

Maana tangu siku ile nimebembelezwa kuliko nilivyombembeleza Mama Watoto mwaka 1989, na yeye alikuwa na kaka wanne wakali. Na kinachoniudhi si kuandikiwa, ni kulaumiwa. Mtu akikwambia "umepotea" anakutia hatiani kabla hujavua viatu. Mimi nimekosa nini? Feni si sukari kwamba kila Ijumaa niende kupimiwa robo dukani kwa Mangi. Feni ukishainunua unaichomeka, inazunguka, basi. Yangu inazunguka mpaka leo. Upande wa kushoto ina kikohozi kidogo, lakini hata mimi ninacho.

Mpwa wangu anafanya kazi ya masoko ya mtandaoni. Sijawahi kuelewa anauza nini, ila kodi analipa. Alipokuja Jumapili nikamwonyesha ile barua yenye chozi, akacheka, akanieleza mambo ambayo laiti angeniachia ujinga wangu.

Kumbe hakuna aliyenikumbuka. Kuna mtambo unahesabu siku. Ndani ya kila barua ya namna hiyo hufichwa kipicha kidogo kuliko punje ya chumvi. Ukifungua barua, kile kipicha kinaitwa kutoka kwa aliyekutumia, naye anaandikiwa: fulani amefungua, saa fulani. Zikipita siku kadhaa, tuseme tisini, hujafungua kitu, jina lako linahamishwa kwenye chumba cha waliolala. Ukishaingia humo unaanza kupigiwa ngoma ya kuamshwa: kwanza barua ya machozi, halafu barua ya hongo, "punguzo la asilimia 10 kwa ajili yako tu", kisha barua ya talaka, "Hii ni barua yetu ya mwisho."

"Kwa hiyo barua inanichungulia?" nikauliza.

"Ndiyo, Anko."

Nikaisogeza simu mbali na kitanda.

Na hiyo "barua ya mwisho" mimi nimeipata mara nne. Wananikumbusha shangazi yangu mmoja, akiwa shughulini. Alasiri anasimama, anajifunga kanga, anatangaza: "Haya jamani, mie naondoka." Magharibi unamkuta getini, mkono mmoja umeshika komeo, anasimulia habari za mtoto wa jirani. Isha anarudi ndani kuomba maji. Tofauti ni kwamba shangazi akiaga nacheka.

Nikaamua kujitoa. Mtu mzima akichoka husema. Nikashuka mpaka chini kabisa ya ile barua, chini ya picha za majokofu, chini ya anwani ya duka, nikakuta maandishi ya kijivu kwenye karatasi nyeupe, madogo kama mguu wa mchwa: kama hutaki kupokea barua hizi, bofya hapa. Nikabofya. Nikapelekwa kwenye ukurasa wenye kikatuni kingine, hiki kinalia machozi mawili. "Tunasikitika kukuona ukiondoka. Tafadhali tuambie sababu." Kulikuwa na sababu tano za kuchagua. Barua ni nyingi mno. Bidhaa hazinifai. Sikumbuki kujiandikisha. Bei ni kubwa. Nyingine, eleza. Nikaenda kwenye Nyingine, nikaeleza: "Feni inafanya kazi." Mtambo ukanijibu kwamba maelezo ni mafupi mno.

Nikaongeza: "Feni inafanya kazi vizuri sana, alhamdulillah." Ukakubali, ukaniambia ombi langu litashughulikiwa ndani ya siku 10 za kazi.

Siku kumi za kazi! Mpwa wangu anasema huo ndio muda ambao sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inawapa wafanyabiashara wa huko, na wengi duniani wameunakili tu. Barua kuja kwangu ni sekunde moja, jina langu kutoka kwao ni wiki mbili, kana kwamba kuna karani anapanda ngazi na tochi kulitafuta darini. Na sisi tuna sheria yetu siku hizi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ndani yake mtu anayo haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Nilitamani nimsomee yule kijana wa kaunta, lakini nasikia ameshahama kazi. Yeye kajitoa bila kuulizwa sababu.

Tukiwa tunatafuta wa kumlaumu, jina lipo. Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alituma tangazo moja kwa mamia ya watu kwa mpigo, kwenye mtandao uliotangulia intaneti hii ya leo. Walikasirika. Lakini baadhi walinunua, na hapo ndipo sote tulipoponzwa.

Sasa linganisha na mama vitumbua wa kona yetu. Mwezi uliopita sikupita kwake wiki mbili, daktari amenigombeza kuhusu sukari. Siku niliyopita, tena upande wa pili wa barabara, nimetazama chini kama mdaiwa, akaniona. "Mwalimu, umepotea! Au sukari imepanda?" Mbele ya watu. Nikakiri. Akageuza kitumbua kwa kijiti chake, hakuniangalia hata, akasema: "Kesho nitakupikia vyako mbali. Sukari ya kulambishia tu." Na kesho yake nilikwenda. Mama yule hana barua pepe yangu, hana kipicha, ana karai na kumbukumbu.

Ningeishia hapo, ninywe chai yangu, kama nisingekuwa na dhambi ya aina hiyo hiyo.

Mimi ni katibu mwenezi wa chama cha waliosoma shule yetu ya sekondari. Cheo hicho sikukiomba. Nilitoka nje ya mkutano kupokea simu, niliporudi nikapigiwa makofi. Kazi yangu ni kutuma jarida la chama kwa barua pepe kila mwezi, kwa sababu wazee wenzangu wengi wamelizima kundi la WhatsApp lisitoe sauti. Kujitoa kundini hawathubutu. Tangu 2022 mtu anaweza kutoka kimyakimya wakaarifiwa wasimamizi tu, lakini wasimamizi ndio tunaokutana nao misibani.

Basi nilikuwa na majina 412, na kila mwezi natuma kurasa mbili. Mwenyekiti ananisifu kila kikao: "Katibu, jarida limetulia!" Nami navimba. Jumapili ile, kwa kiherehere, nikamwambia mpwa wangu: hebu na mimi nichungulie wangu.

Jamani, kuna vitu mtu asivitazame. Katika watu 412, waliofungua toleo la mwisho walikuwa 58. Mwenyekiti hajafungua tangu tuanze. Si toleo moja, si kwa bahati mbaya. Lile jarida lililotulia hajawahi kuliona usoni. Nikateremka kwenye orodha ya waliolala nikitafuta majina ya wale ambao nilijua hawaniachi mkono, na jina la tatu kutoka juu lilikuwa la mke wangu. Tulisoma naye shule moja, yeye madarasa mawili nyuma. Ananiona naandika jarida hilo mezani pake, ananiletea chai, ananiuliza "mshamaliza?" kama vile tuko wengi. Siku mia mbili na kitu hajafungua.

"Usimwambie nimekuonyesha," akasema mpwa wangu.

Nikajifariji na wale 58. Mpwa wangu akanipora hata hao. Tangu mwishoni mwa 2021 simu za Apple, mwenyewe akiikubali kinga ya faragha kwenye programu yao ya barua, huviita vile vipicha zenyewe, mtu asome asisome, ili kuwapoteza wachunguzi. Kwa hiyo mwenye iPhone ya namna hiyo huonekana amefungua kila kitu. Tukahesabu. Vigogo wengine wa chama, wale wenye simu za bei ya pikipiki, hawakuwa wasomaji. Zilikuwa simu zao.

Na msomaji wangu namba moja, aliyefungua matoleo yote bila kuruka hata moja, tena mengine dakika chache baada ya kutumwa, ni mzee mmoja aliyekuwa kiranja wetu wa bweni. Nilimsindikiza makaburini mimi mwenyewe, miaka miwili iliyopita. Nikampigia binti yake. Simu ya baba anayo mjukuu, anachezea michezo, hawajaifuta barua pepe ya babu. Marehemu ndiye mwaminifu kuliko wote.

Wengine hawakuwa wamelala wala kufa, anwani ndizo zilizokufa. Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kuguswa, na barua zangu kwao zilikuwa zinadunda tu. Mbaya zaidi, kuna anwani kuukuu ambazo watoa huduma huzifufua kuwa mitego. Mwenyewe ameiacha zamani, hivyo anayeendelea kuiandikia anajulikana kuwa hajui anamwandikia nani, anapigwa muhuri wa mtuma taka, na barua zake kwa watu wengine wote zinaanza kutupwa jalalani. Google imeweka mpaka kabisa: malalamiko yasifike 3 kwa kila barua 1,000. Kwa orodha yangu, mzee mmoja akinuna nimekaribia, wakinuna wawili nimevuka. Na nawajua wazee wangu. Kununa ni fani yao.

"Inabidi tuwarudishe, Anko," akasema mpwa wangu, akafungua kompyuta yake. "Kichwa cha barua tuweke: Tumekumisi sana! Halafu uso wa chozi."

Hapo nilisimama. Orodha ile ina mtu aliyenifungia kabatini mwaka 1979. Ina mtu aliyenikopa godoro na hajalirudisha. Ina mkuu wa wilaya mstaafu. Mimi, na mvi hizi, nimwambie mkuu wa wilaya nimemmisi? Kwetu mke akisusa akarudi kwao, humtumii kikatuni. Unatafuta wazee wawili, unakwenda nao, mnakaa kwenye mkeka, na swali la kwanza ambalo baba mkwe atakuuliza si kama umemkumbuka. Atakuuliza umemfanya nini.

Nikaandika mwenyewe. Kichwa: "Umepotea. Huko kwema?" Ndani mistari mitatu: nimeona jarida halikufikii au hulisomi, niambie kwa nini, sitakasirika. (Huo ulikuwa uongo.) Ukitaka niendelee kukuletea, nijibu neno moja tu: Nipo. Usipojibu mpaka mwisho wa mwezi, nakuondoa, na tukikutana msibani tutasalimiana kama kawaida.

Nilichagua neno hilo kwa sababu ndilo jibu la "umepotea" tangu dunia iumbwe. Kila mtu analo mdomoni, halihitaji kitufe.

Majibu yakaanza jioni ile. "Nipo." "Nipo ndugu, shughuli tu." "Nipo nipo." Mmoja: "Wewe ni nani na umeipata wapi anwani yangu?" Huyo tulikaa dawati moja. Mmoja akanionya kwamba akaunti yangu imeibiwa na matapeli, kwa kuwa "katibu wetu hawezi kuandika barua fupi namna hii." Mama Watoto akajibu kutoka jikoni, mimi niko sebuleni, tumetenganishwa na pazia: "Nipo. Na mchele umekwisha."

Lililonichoma ni jibu la mama mmoja anayeishi Mwanza, muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache. Aliandika: "Katibu, kila barua yako inaanza na salamu na inaishia na namba ya akaunti. Nikiona jina lako nashika pochi."

Nilikasirika mpaka usiku. Kisha nikayafungua matoleo yangu kumi na moja, moja baada ya jingine, nikiwa na nia ya kumshinda. Januari, mchango wa paa la bwalo. Februari, harusi ya mtoto wa mweka hazina. Machi, msiba. Aprili, kumbusho la bwalo. Mei, msiba na kumbusho la bwalo. Juni niliandika habari za mahafali, nikadhani nimempata, nikateremka chini: namba ya akaunti, na "tafadhali weka jina kwenye muamala." Nimekuwa nikidai watu wazima mara moja kwa mwezi kwa karibu mwaka mzima na kuliita hilo jarida. Duka la feni angalau walinipa punguzo.

Toleo lililofuata sikuweka akaunti. Mwenyekiti alilalamika, ingawa sijui alijuaje. Niliandika habari za mpishi wetu wa shule, mwiko wake uliokuwa mrefu kama kasia, na maharage ambayo kila wadudu wakielea alituambia ndiyo nyama ya Jumatano. Nikasema alimrushia kiranja ule mwiko mwaka 1980.

Nilikoma. Haikuwa 1980, ilikuwa 1981. Haukuwa mwiko, ulikuwa upawa. Hakumrushia kiranja, alimrushia mwalimu wa zamu akamkosa. Watu ambao mtambo ulishawazika waliibuka na kurasa nzima, wengine na picha nyeusi na nyeupe zilizopigwa kwa simu juu ya kitambaa cha meza. Mkuu wa wilaya mstaafu alikiri kwa maandishi kwamba ni yeye aliyeficha ule upawa. Yule wa godoro pia aliandika. Godoro hakuligusia.

Mwisho wa mwezi nikafuta. Siyo kazi ya raha. Kidole kinaning'inia juu ya jina la mtu uliyechota naye maji. Lakini niliahidi, na mitambo mingi ya kutuma barua hutoza kwa idadi ya majina, awe anasoma au anakoroma, na fedha za chama ndizo zile zile za paa la bwalo. Kutoka 412 nimebaki na 143. Mwenyekiti amenijia juu kwamba kwenye ripoti kwa wafadhili ameandika "wasomaji zaidi ya mia nne." Nikamwuliza kama na yeye alijibu Nipo. Akasema barua hiyo haikumfikia. Nimemfuta.

Kiranja wetu wa bweni naye hakujibu Nipo, ni kweli. Lakini toleo la mwiko alilifungua dakika tatu baada ya kulituma, na pale palipoandikwa "futa" kidole changu kilikataa. Kwa hiyo sema 142 na marehemu mmoja.

Nanyi wa duka la feni, leo ni siku ya kumi na nne ya kazi, na asubuhi mmeniandikia tena. Feni inazunguka. Ikikata nitakuja mwenyewe, kwa miguu yangu, nimeshika feni mkononi. Duka lenu nalijua lilipo. Ila yule kijana mpya wa kaunta mwambieni mapema: anwani sina.